Simu Haitoshi

Mwezi uliopita tuliitwa mkutano chini ya hema, tukapewa soda na biskuti, tukaulizwa sisi akina mama na vijana wa Kakuma tunahitaji nini ili tujitegemee. Nikanyoosha mkono. Nikasema tunahitaji kompyuta ndogo, za bei ya chini, kila mtu awe na yake nyumbani kwake. Mgeni aliyekuja kutusikiliza akatabasamu kama mtu anayesikia mtoto akiomba anunuliwe ndege. Akasema, lakini siku hizi karibu kila mtu hapa ana simu, na simu inafanya yote. Tena kompyuta zipo pale ukumbini, mnakaribishwa. Kisha akafungua laptopu yake, kubwa, nzuri, akaanza kuandika ripoti ya mkutano wetu.

Kama simu inafanya yote, kwa nini ile ripoti hakuiandika kwenye simu?

Siku ile sikuuliza. Kinywa kilikauka, na soda ilikuwa yao. Ndiyo maana nauliza hapa.

Sina ugomvi na simu. Kwa simu nasikia sauti ya mama yangu aliyebaki Uvira, kwa simu napokea pesa ya mandazi. Lakini jaribu, ndugu msomaji, kuandika barua ya kurasa nne kwa dole gumba. Kibodi inafunika nusu ya kioo, juu unaona mistari mitatu au minne. Ulichosema ukurasa wa kwanza umeshakisahau, na kurudi kukitafuta unasukuma kwa kidole mpaka unapita. Unataka kuhamisha aya hii iende chini ya ile, unaishika, inaponyoka. Halafu simu inalia, mtu anauliza kama maji yamefika kwenye bomba. Ukirudi, barua imejifunga. Na fomu za kuomba masomo ndizo balaa kabisa: unajaza sanduku la kumi na mbili, ukurasa unajifungua upya, masanduku yote meupe. Ninawajua wasichana wawili wenye akili waliolala bila kutuma maombi kwa sababu ya kitu hicho tu. Simu ni nzuri kwa kupokea na kwa maneno mafupi. Anayekuambia inakutosha anakuambia, bila kujua labda, kwamba hana haja ya kusikia kitu kirefu kutoka kwako.

Sasa niseme mashini yangu ni ipi, msije mkadhani najivunia kitu kikubwa.

Kioo chake ni inchi 11.6. Memori gigabaiti 2, hifadhi 32. Nyuma ina kibandiko cha namba, kwa hiyo nadhani ilikuwa ya shule fulani ng'ambo kabla haijaanguka kwenye mitumba ya Nairobi. Likelemba yetu ina watu kumi, kila mtu shilingi 1,000 kwa mwezi; zamu yangu ilipofika nikapata 10,000. Mashini ilikuwa 8,500. Shilingi 1,000 nilimpa kijana aliyekuwa na kibali cha kusafiri, aibebe mapajani ndani ya basi isigongwe, na 500 zilizobaki nikanunua flashi. Mama mmoja wa likelemba hakusema nami wiki mbili. Kwake pesa ya zamu ni ya magodoro, au ya kuongeza mtaji wa unga. Sikumlaumu.

Kitufe cha A kinataka kubonyezwa mara mbili. Jaribu kuandika Kiswahili bila A uone. Vijana wa bloku waliponiona nayo mara ya kwanza, mmoja aliita kwa sauti: "Yaya, hii ni kompyuta ama ni kalkuleta?" Wakacheka wote. Yeye alikuwa na yake, inchi kumi na tano, ya kuchezea michezo na kukatia video. Nilimwacha. Kakuma humjibu mtu yenyewe ukiipa muda.

Laptopu kubwa inapoa kwa feni. Feni inanyonya hewa, na hewa ya hapa mnaijua, nusu yake ni vumbi. Baada ya miezi michache feni ya yule kijana ilianza kukoroma kama posho mill, halafu ikanyamaza, halafu mashini ikawa inajizima kwa joto kila baada ya dakika kumi. Yangu haina feni, kwa hiyo hakuna pa kunyonyea vumbi. Ikishikwa na joto inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Saa nane mchana inatembea kama kobe. Na mimi saa nane mchana natembea kama kobe, kwa hiyo tunaelewana.

Halafu umeme. Kambi hii tunaishi kwa waya wa jenereta ya mtu binafsi au kwa sola. Angalieni maandishi madogo kwenye chaja zenu. Ile kubwa ya kijana imeandikwa volti 19.5, ampea 3.33, ukizidisha unapata karibu wati 65. Yangu imeandikwa volti 12, ampea 2. Wati 24. Tena volti 12 ni lugha moja na betri ya sola. Fundi wa simu hapo sokoni alinitengenezea waya wenye kidhibiti kidogo katikati, nachaji moja kwa moja kutoka kwenye betri, bila ile inverta inayokula moto njiani na kupiga kelele usiku. Mwenye inchi kumi na tano analipa waya wa jenereta kila mwezi, na jenereta ikizimwa naye amezimwa. Mimi nina paneli moja juu ya mabati, ikiwaka jua naandika. Na jua ndicho kitu pekee hapa ambacho hawajawahi kutupunguzia.

Niliahidi kutoficha ubaya wake. Ile hifadhi ya 32 imechomelewa kwenye bodi. Huwezi kuitoa ukaweka kubwa, na memori vilevile. Programu endeshi iliyokuja nayo ilikuwa imekula karibu nafasi yote kabla sijaweka hata picha moja. Kila ilipotaka kujisasisha ililalamika nafasi hakuna, nikafuta, ikalalamika tena, nikafuta mpaka hakukuwa na cha kufuta. Mtu anayetengeneza mashini namna hiyo anajua anachofanya. Anajua atakayeinunua hana pesa ya kununua nyingine, na bado amemfungia mlango wa kuirekebisha. Hilo linanikasirisha kuliko vicheko vya vijana. Bei ndogo ni jambo jema, ila hii ni bei ndogo iliyofichwa mwiba ndani.

Mtoto wa jirani, miaka kumi na saba, ndiye aliyeiokoa. Alikuja na flashi yenye Lubuntu, ambayo ni Linux nyepesi na haiuzwi, akaifuta mashini yote na kuiweka upya. Ilichukua jioni moja. Sasa inawaka, inafungua LibreOffice, inanitosha. Na tuseme na hili la wakubwa: Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka angalau memori ya gigabaiti 4 na hifadhi ya 64. Kwa kipimo hicho mashini kama yangu ni maiti. Mimi ninayeiandikia naiona inapumua. Watu wa hapa tunajua vizuri jinsi mtu anavyoweza kutangazwa hayupo kwenye karatasi na huku yuko, anapika.

Lakini sababu ya kuandika haya yote si wati wala gigabaiti. Ni mama mmoja wa bloku yetu. Ameniruhusu niseme hiki nitakachosema na si zaidi.

Ombi lake lilikataliwa. Barua ilimwambia ana siku thelathini za kukata rufaa kwa maandishi. Siku thelathini, mtu ambaye shule aliachia darasa la nne, aandike kwa Kiingereza kwa nini akirudi kwao atakufa. Alianzia ukumbini, kwenye kompyuta zile tunazokaribishwa. Zipo ishirini, nzuri, siwezi kuzisema vibaya. Akaketishwa. Nyuma yake amesimama msaidizi, kijana mpole sana, tayari kumsaidia kuandika. Kushoto kwake ameketi mtoto anayeimba naye kwaya. Msaidizi akamuuliza: haya mama, tuanze, walikufanya nini?

Mama akasema alianguka. Hiyo ndiyo iliyoandikwa siku ile. Alianguka.

Akaenda saiba. Hapo wanaandika kwa kurasa, na mwandishi ana maneno yake tayari, ya watu wote: nilikimbia vita, naomba ulinzi. Alijitahidi akamwambia kidogo. Siku iliyofuata akarudi kuongeza kitu, akakuta msichana mwingine anatafuta faili lake kwenye mashini ileile na barua ya mama imefunguka kwenye kioo, jina lake juu, kijiji chake chini. Mwandishi hakuifuta. Hakuwa na ubaya, alisahau tu. Mashini ya watu wote haina siri ya mtu.

Alikuja kwangu zikiwa zimebaki siku kumi na nne. Alikuja usiku, amejifunika kitenge kichwani kama anayekwenda kwa mganga. Kabla ya kukaa aliuliza swali moja, na lile swali ndilo hoja yangu yote, mgeni wangu wa chini ya hema angekuwepo angelisikia:

"Mwanangu, hii maneno itabakia wapi?"

Nikamwambia: "Mama, itabakia ndani ya flashi yako. Kwangu nitaifuta ukiwa unaona kwa macho."

Tukaandika usiku tisa. Pazia limeshushwa, mwanga wa kioo nimeupunguza hadi mwisho. Anasema kidogo, ananyamaza, anatoka kwenda kuangalia watoto ambao najua wamelala, anarudi. Mimi naandika Kiswahili chake kama kilivyo, asubuhi nageuza kwa Kiingereza, usiku namsomea tena kwa Kiswahili. Ukurasa wa pili tuliuandika upya mara saba. Siku ya kuondoka kijijini ilikuwa inagongana na siku aliyoisema kwenye mahojiano, na wote tuliopita huko tunajua tarehe moja ikigongana wanasema umedanganya yote. Usiku wa sita akakumbuka: kulikuwa na mazishi mawili, si moja, na yeye alikuwa anayachanganya. Nikachukua aya, nikaihamisha, tarehe zikakaa. Hebu nionyesheni simu ya kufanya hivyo. Hebu nionyesheni ukumbi unaofunguliwa saa tano ya usiku kwa mama anayelia.

Siku ya ishirini na saba tuliprinti kurasa nne na kuzipeleka. Jibu halijaja.

Ukumbi unafunguliwa saa tatu asubuhi, unafungwa saa kumi, Jumatatu hadi Ijumaa. Ni saa za bomba, saa za foleni ya mgao, saa za kuni. Unaandika jina kwenye daftari la mlangoni, namba ya kadi, saa ya kuingia, sababu ya kuja. Mtu akitaka kujua nani anaandika nini kambini, daftari lile litamwambia. Sisemi ufungwe. Watoto wanajifunza pale, na mimi mwenyewe kuchapa kwa vidole kumi nilijifunzia pale. Nasema mashini ishirini nzuri zilizo chini ya kufuli la mtu mwingine hazilingani na moja mbovu iliyo chini ya godoro langu. Na nadhani najua kwa nini wao wanaupenda ukumbi. Ukumbi unapigwa picha. Mashini ishirini kwa mstari, vichwa ishirini vimeinama, bango nyuma. Mama aliyejifunika kitenge saa tano ya usiku hapigwi picha.

Wazo la mtu kuwa na yake si langu, wala si geni. Mwaka 2005 profesa Nicholas Negroponte alitangaza kompyuta ya dola 100 kwa watoto wa nchi maskini. Zilipotoka kiwandani mwaka 2007 zilikaribia dola 200, na mengi waliyoahidi hayakutimia. Waliotoka Rwanda wanazikumbuka, zile za kijani na nyeupe zenye masikio mawili. Watu wamewacheka sana wale, na mahali pengine kwa haki. Ila sharti lao la kwanza lilikuwa hili: mashini ni ya mtoto, aende nayo nyumbani. Hapo walikuwa sawa. Mwaka uleule wa 2007 kampuni ya Asus ikaanza kuuza Eee PC, kioo inchi 7, hifadhi gigabaiti 4 tu, na watu wa nchi tajiri wakainunua kwa wingi kwa sababu ni nyepesi na rahisi. Kwa hiyo udogo ulipokuwa mikononi mwao uliitwa werevu. Ukifika Kakuma unaitwa kalkuleta.

Najua watakachosema. Mkipewa mtaziuza. Wengine watauza, ndiyo. Mahindi ya mgao pia tunauza, kwa sababu sabuni haimo kwenye mgao. Mtu anayeweza kuuza kitu ni mtu ambaye kile kitu kilikuwa chake. Na wala siombi tupewe bure. Mimi nilinunua kwa likelemba. Naomba pesa inayojenga ukumbi wa pili isaidie vikundi vya likelemba kununua mitumba mizuri, imlipe yule mtoto wa miaka kumi na saba kuziwekea Linux, ilete betri na waya za volti 12. Naomba fomu zao zikubali faili lililoandikwa bila intaneti na kutumwa siku mtandao ukipatikana. Na naomba wasitushike kwa kuwa nazo.

Hili la mwisho tulizungumze wenyewe kwa wenyewe, maana tunalinong'ona tu. Tangu tuanze kupangwa makundi ya uhitaji, kila chombo ndani ya nyumba kimekuwa shahidi dhidi ya mwenye nyumba. Wakija wenye tableti zao kuhesabu, redio inakwenda kwa jirani, kiti cha plastiki kinakwenda nyuma ya choo. Mashini yangu inaingia ndani ya gunia la unga, imefungwa mifuko miwili ya nailoni, na unga juu. Mwanamke mwenye laptopu si mhitaji, si ndiyo? Shilingi 8,500 za mwaka mzima wa mandazi zinaweza kuninyima mafuta ya kupikia mandazi. Ile siku walipokuja mara ya mwisho, binti yangu wa miaka sita alisimama mbele ya lile gunia muda wote, mikono nyuma, hajaambiwa na mtu. Walipotoka aliniuliza kama kuandika ni wizi.

Nilimjibu hapana, bila shaka. Lakini nilimjibu nikiwa natoa unga kwenye matundu ya kibodi kwa kijiti, na sidhani alinisadiki.

Kambi hii ipo tangu 1992. Kuna watu waliozaliwa hapa ambao sasa wana watoto wanaosoma. Tangu 2008 ina gazeti lake, KANERE, lililoanzishwa na wakimbizi wenyewe, na gazeti haliandikwi kwa dole gumba. Hiki kijarida mnachokishika, nusu ya insha zake za toleo lililopita zilipita kwenye mashini yangu, pamoja na zile mbili zilizonitukana. Yule kijana wa kalkuleta naye alikuja mwezi wa pili, ya kwake imekufa kabisa, akaomba aandike wasifu wake. Aliandika vizuri. Kila alipofika kwenye A alikuwa anaguna.

Mkutano mwingine chini ya hema umetangazwa kwa mwezi ujao. Safari hii nitaitoa kwenye gunia na kwenda nayo, niiweke mezani karibu na ile kubwa, nichukue kumbukumbu zangu mwenyewe za kilichosemwa. Wakiniandika kundi lingine kwa ajili hiyo, waandike.

Mwenye barua, rufaa au fomu aje baada ya saa moja usiku, isipokuwa Jumamosi, ambayo ni ya kwaya. Alete flashi yake. Siku ya mawingu aje mapema, betri inafika saa tatu na nusu tu. Silipishi rufaa. Fomu za masomo shilingi 20, za waya na maji ya betri. Na mkiniletea maneno mazito, kufuta tutafuta pamoja, mkiona kwa macho.